Kinu Kidogo cha Ngumbo

Watu wengi wanaiharibu kahawa kwa haraka. Wanachemsha maji mpaka yaruke nje ya sufuria, wanamimina yote kwa mkupuo, halafu wanakunja uso na kusema kahawa hii ni kali. Mimi nimepika kahawa juu ya mafiga ya mawe kwenye upepo, kwenye ukungu, kwenye nyumba za wageni zinazovuja, na kwenye mchanga wa ziwa, na sijawahi kumpa mtu kikombe kibaya. Mara moja tu. Aliyelipia hiyo mara moja ni mtu mwingine, si mimi, na ndiyo maana mpaka leo naikumbuka vibaya.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mpishi wa safari wa Mzungu mmoja aliyekuwa akikagua kahawa huku kwetu Umatengo. Tulimwita Bwana Kahawa, kwa kuwa mambo mengine ya nchi hayakumhusu. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na kanisani nilikuwa nikisoma somo siku za Jumapili. Yeye aliniita boi. Boi, maji. Boi, viatu. Watu hupenda kusema kwamba tulizoea. Mimi sikuzoea hata siku moja, ila niliitika, tena upesi.

Kitu kilichonipa heshima kidogo mbele yake kilikuwa chujio lake la safari. Lilikuwa birika dogo la bati jeupe, la vipande vitatu vinavyokaa kimoja juu ya kingine, na vikipangwa vizuri vyote vinaingia ndani ya sufuria ya lita moja. Kipande cha chini kinapokea kahawa iliyokwisha kuchujika. Cha katikati kina matundu madogo sana, humo ndimo unamokaa unga. Cha juu kina matundu machache zaidi, unatia maji ya moto nayo yanashuka tone kwa tone. Bwana mwenyewe alikuwa hajui kulitumia. Alimwaga maji kama anayenywesha ng'ombe, akapata maji ya tope, akalitukana birika. Nililichukua mikononi mwake bila kuambiwa, na tangu siku ile hakuligusa tena.

Utaratibu wangu ulikuwa huu, na sijaubadili. Maji yakichemka nayaepua, nasali Baba Yetu moja na Salamu Maria mbili, taratibu, bila kumeza maneno. Hapo ule ukali wa kwanza wa moto umekwisha. Naulowesha unga kwanza kwa vijiko viwili vya maji, nangoja uumuke. Ndipo namimina kidogo kidogo, huku nimelizungushia birika blanketi ili upepo usiyapoze maji njiani. Kikombe nacho lazima kiwe kimesuuzwa kwa maji ya moto. Mzungu akinywa alikuwa anafumba macho. Wapagazi walinitania kwamba namroga. Nami nilivimba kichwa, nakiri. Niliamini kwamba katika nchi nzima hakuna anayeijua kahawa kuliko mimi.

Sasa nimseme baba yangu. Kwetu ni Mkumbi. Baba alipanda mibuni yake nikiwa bado mgongoni kwa mama, mteremko mzima wa nyuma ya nyumba, akaacha upande wa pili kwa ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani ambamo tunafukia majani yageuke mbolea. Nimekua nikichuma buni. Tuliimenya, tukaiosha, tukaianika juu ya kichanja, mvua ikija tukakimbia kuifunika, halafu tukaibeba kichwani mpaka kwenye ghala la kununulia. Pale kulikuwa na mpimaji. Anatia mkono ndani ya gunia, ananusa, anasema, "Weka hapa," au, "Weka kule." Hapa ni nzuri, kule ni mbaya. Ya baba iliwekwa hapa kila mwaka, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyoipata kwa kazi ya maisha yake.

Hakuwahi kuionja. Wala mama, wala jirani yeyote. Mtu akiwauliza kwa nini, walicheka. Kahawa kwetu ilikuwa kitu cha kupeleka. Nani angeichoma, nani angeisaga, na angeinywea nini? Tulikunywa togwa, tulikunywa maji, na pombe siku zake. Lakini baba alikuwa na udadisi ambao wenzake hawakuwa nao. Nikija likizo alinihoji. Wanaichoma mpaka iweje? Inatoa mafuta? Ina utamu, au ni dawa tu? Nilimweleza kwa madaha, kama mtu aliyetoka Ulaya jana, mimi ambaye nilionja tu mabaki ya chini ya birika Bwana akigeuka.

Mwaka ninaousema, Bwana Kahawa alitoka na kazi maalumu. Alikuwa anatafuta kahawa mbovu. Mkulima ambaye kahawa yake ingeonekana ina kasoro, ghalani isingepokelewa msimu ule, isije ikachafua ya wenzake. Yeye ndiye wa kuamua, na alikuwa na daftari jeusi la kuandikia. Tulipita kijiji cha Ruanda, huku huku kwetu Umatengo, tukalala Mkumbi usiku mmoja, na mpango ulikuwa kushuka ziwani kwanza, kisha tukipanda tena ndipo akague mashamba ya kwetu.

Asubuhi ya kuondoka, baba alikuja kambini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanivuta pembeni nyuma ya mizigo. Alitoa kifuko kidogo kilichojaa buni iliyokwisha kukobolewa na kupepetwa, safi, punje moja moja zimechaguliwa. Mama ndiye aliyekishona kile kifuko, kutoka kwenye gauni lake la zamani la maua mekundu, gauni alilovaa siku ya kipaimara changu.

"Mpikie Bwana wako," baba akasema. "Mpikie vizuri kama unavyosema unajua. Usimwambie ni ya nani."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Aonje kwanza. Akijua ni ya baba wa mpishi wake atasema uongo, mzuri au mbaya. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu kabla sijafa. Kahawa yangu ni nzuri au si nzuri?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikitia kifuko kwenye mkoba wangu mwenyewe, si kwenye mizigo, na hilo ndilo jambo pekee la maana nililolifanya katika safari ile.

Njia ya kushuka ziwani ni mbaya. Magoti yanatetemeka, na ukiangalia mbele unaona maji ya ziwa yako chini ya miguu yako, lakini unatembea siku nzima huyafikii. Katika kijito kimoja mpagazi aliyebeba sanduku la chakula aliteleza, akaenda chini mzima mzima. Sukari iliyeyuka. Kopo la kahawa ya Bwana, ile ya kusagwa tayari aliyoagiza kutoka mbali, lilifunguka mfuniko, na nilipolifikia lilikuwa limejaa maji ya mto. Bwana alitukana mpaka akakauka koo.

Asubuhi mbili akaamka bila kahawa, na njiani hapakuwa na pa kuitwangia ile ya baba. Anayejua wanywaji wa kahawa ataelewa. Alikuwa kama mgonjwa wa jino. Tulipofika Ngumbo, ukingoni mwa ziwa, alikuwa hasemi na mtu, ameshika kichwa, ananitolea macho kana kwamba mimi ndimi niliyeteleza. Tukapiga hema karibu na nyumba za wavuvi. Ilikuwa siku ya kuvua sana. Usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wameanikwa kila mahali, juu ya mchanga, juu ya vichanja, juu ya mawe, mpaka mtu ukose pa kukanyaga. Hewa yote ilikuwa usipa. Mimi mtu wa mlimani, saa ya kwanza nilitaka kutapika. Saa ya pili pua ikafa, sikusikia tena kitu.

Asubuhi iliyofuata nikakitoa kifuko cha baba.

Niliichoma ile buni nusu yake kwenye kikaango changu, polepole, huku naigeuza na kijiko cha mti. Nasema kweli, ilichomeka vizuri. Ilibadilika rangi punje zote kwa pamoja, kama zimeagizana. Sasa nikahitaji pa kuitwanga, maana kinu cha mkono hatukuwa nacho, kahawa ya kopo ilikuja imesagwa. Jirani na hema letu kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mwenye mtoto mchanga, mtu wa pale pale Ngumbo, mpole. Nje ya jiko lake kulikuwa na vinu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Nilimwamkia, nikamwomba kinu.

"Chukua kile kikubwa, kaka," akasema. "Nimetoka kukiosha."

Nilicheka. Naona haya kuandika, lakini nilimcheka. "Dada, kikubwa kile ni cha kutwangia mihogo ya kijiji kizima. Mimi natwanga kahawa ya Mzungu, ya kikombe kimoja."

"Hicho kidogo, kaka, mimi huwa natwangia..."

"Kazi hii naijua," nikamkatiza. "Nimeifanya kabla hujaolewa."

Akanitazama, akajitwika ndoo yake, akaenda zake ziwani na mtoto mgongoni. Nami, mjuaji, nikakiinua kile kidogo. Nilikichungulia ndani. Kilikuwa kimefutwa, kikavu, kinang'aa kwa kutumika. Kwetu Mkumbi kinu kidogo ni cha karanga, basi nikasema hiki nacho ni cha karanga, na karanga haina ubaya na kahawa. Nikatwanga, nikachekecha kwa kitambaa, nikatwanga tena. Sikunusa chochote, kwa sababu pua yangu ilikuwa imekwisha kufa tangu jana.

Maji yakachemka. Nikaepua, nikasali sala zangu. Nililowesha unga, ukaumuka ukapanda juu kwa nguvu ambayo ile kahawa ya kopo haikuwa nayo kamwe. Nilimpelekea Bwana mezani, nikamwekea kikombe cha moto, na hapo mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme. Lakini nilijiona, nilitaka nami niwe mtu mwenye kwao.

"Bwana, hii ni kahawa ya Mkumbi. Ya shamba la baba yangu mzazi."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu alitabasamu. "Baba yako? Vizuri," akasema. Akanywa.

Alikaa nayo mdomoni. Kisha akageuka, akaitema mchangani.

"Samaki," akasema.

Nilidhani ni upepo. Nilimwambia, Bwana, ni pwani hii, kila kitu kinanuka samaki. Akasema hapana, ni ndani ya kahawa. Akanywa tena kidogo ili kuhakikisha, kama wanavyofanya wao, akatema tena. Akavuta lile daftari jeusi, akaniuliza jina la baba yangu. Nikamtajia. Mtu anaulizwa jina la baba yake na mkuu, analitaja. Akaandika.

Niliondoa vyombo. Nilipofika jikoni kwa yule mama alikuwa amerudi na maji, amesimama mbele ya vinu vyake. Alitia kidole ndani ya kile kidogo, akakitoa kikiwa cheusi.

"Kaka, umetwangia hiki? Nilikuwa nataka kukuambia ukanikatiza. Humu natwanga usipa mkavu wa kutia kwenye uji wa mtoto. Kila siku. Hata ukiosha, harufu haitoki."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alinitazama kwa huruma, akachukua maji aliyotoka kuyateka, akaanza kukisugua kinu chake, kwa kuwa sasa na uji wa mtoto wake ungenuka kahawa.

Kutoka pale mpaka kwenye meza ya Bwana ilikuwa hatua hamsini, labda sitini. Ningetembea hatua hizo nikasema, Bwana, kosa ni langu, nimetwangia kinu cha samaki, ifute ile. Maneno hayo hayakuwa magumu, hata Kiswahili chake kibovu kingeyaelewa. Sikutembea. Mpishi aliyenitangulia alikutwa na sufuria yenye masizi ndani, akafukuzwa katikati ya safari, akarudi kwao kwa miguu siku nne bila chakula. Mimi nilikuwa na watoto wawili. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa naogopa aibu kuliko njaa. Mtaalamu wa kahawa, asiyeuliza mtu, ametwangia kahawa kwenye kinu cha uji wa mtoto. Wapagazi wangelicheka hilo mpaka Songea. Nikasema, nitamwambia kesho.

Wamisionari wa pale walimgawia Bwana kahawa yao kidogo, ya kusagwa. Tukaanza kupanda. Siku tatu. Kila asubuhi nilisimika mafiga, nikachemsha maji, nikasali, nikalowesha, nikamimina. Kila asubuhi Bwana alikunywa, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo kahawa, boi." Hapo hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na maneno mdomoni pamoja na mate, nikameza vyote. Siku ya pili nilianza. Nikasema, "Bwana, ile kahawa ya Ngumbo..." Akakunja uso, akainua mkono nisimkumbushe, nami nikanywea. Nilishukuru, hasa. Mkono wake ulinipa kisingizio.

Tulifika Mkumbi mchana. Baba alikuwa amefagia uwanja, amevaa koti lake la kanisani katika jua lile. Buni ya msimu ule ilikuwa juu ya kichanja, nyeupe, kavu, inatoa mlio ukiigusa. Majirani walikuwa wamejaa, na jumbe naye alikuwapo, maana Bwana alikuwa anakwenda shamba hadi shamba na watu wakimfuata. Baba aliniangalia. Hakuniuliza kwa mdomo. Aliniuliza kwa macho tu lile swali lake moja, nami nikatazama viatu vya Bwana.

Bwana alifungua daftari. Alichota buni kichanjani, akainusa, akakunja uso. Nina hakika alikunja uso kabla haijafika puani. Alikwisha kujua atanusa nini.

"Mzee," akasema, "wewe naanika kahawa pamoja na samaki."

Baba alidhani hakusikia vizuri. "Samaki, Bwana? Samaki watoke wapi huku?"

Watu wakacheka. Samaki kwetu wakati ule walifika kwa nadra, kichwani mwa wachuuzi, na wakifika waliliwa siku hiyo hiyo.

"Mimi naonja mwenyewe," Bwana akasema. "Mtoto wako napika. Nanuka samaki. Kahawa yako hapana pokelewa ghalani mwaka huu."

Baba akanigeukia. Alisema nami kwa Kimatengo, taratibu, kama vile hapakuwa na mtu mwingine uwanjani.

"Mwanangu, ni kweli aliionja?"

"Ndiyo, baba."

"Uliipika wewe mwenyewe, kwa mikono yako?"

"Ndiyo, baba."

"Na ilinuka samaki?"

"Ndiyo, baba."

Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Nimeyarudia kichwani miaka mingi, na sijapata hata moja lenye uongo. Hivyo ndivyo nilivyomwangusha baba yangu mbele ya majirani zake, kwa kusema kweli tupu. Bwana akaenda shamba linalofuata, nami nikabeba sufuria nikamfuata.

Yaliyotokea baada ya hapo sikuyaona, niliyasikia kwa mama nilipopata likizo. Baba hakuwa mtu wa kulalamika. Alidhani kosa liko kwake, akalitafuta. Aliung'oa ule mkeka wa kichanja akauchoma. Alisugua miti ya kichanja kwa majivu. Aliwahamisha mbuzi. Aliuliza kama mtu aliwahi kuacha samaki shambani zamani, labda wakati wa babu. Kila asubuhi alichota buni akanusa, akampa mama anuse, mama akasema hainuki kitu, akamwambia anuse tena. Alinusa mpaka siku moja naye akaanza kuisikia ile harufu. Mama alisema hapo ndipo alipoogopa kweli. Na majirani hawakumsaidia. Wakipita njiani walimtania, "Baba, usipa leo unauzaje?" Utani wa kawaida, usio na nia mbaya. Yeye aliwaitikia kwa kicheko, akaingia ndani.

Buni yote ya kichanjani aliimwaga kwenye mashimo ya ngolo, akaifukia pamoja na majani. Kisha akachukua jembe na shoka, akaanza kung'oa mibuni, mstari kwa mstari, kuanzia ule wa juu. Hakuna aliyemwamuru. Amri ilikuwa ya msimu mmoja tu. Lakini alisema kitu kibovu hakikai kwake, na kwamba kama miaka yote ile alikuwa anapeleka uchafu watu wakimvumilia, basi sasa wapumzike. Nilipofika likizo, mteremko wa nyuma ya nyumba ulikuwa mtupu mpaka kijitoni. Mashina yalikuwa yamerundikwa kando ya jiko. Mbuni ni kuni nzuri, hautoi moshi mwingi.

Nilikuja na lile chujio. Bwana alikuwa amekwenda kwao likizo, na kabla ya kuondoka alinipa, kwa kuwa mpini wake ulikuwa umelegea naye alitaka jipya. Katika mkoba wangu, tangu Ngumbo, kilikuwamo kile kifuko cha maua mekundu, na ndani yake ile nusu ya buni ambayo sikuichoma. Katika dunia nzima ndiyo kahawa ya baba iliyokuwa imebaki.

Nilikuwa nimeamua kumwambia. Naomba niaminiwe hilo, ingawa halinisaidii. Nilisema nitampikia, aonje, halafu nimwambie, Baba, hii ni yako, na ile ya Ngumbo niliiharibu mimi. Asubuhi baada ya kuamkiana, nilikaa jikoni kwa mama nikaichoma. Niliisaga kwenye jiwe, nikiwa nimelisugua mara tatu na kulinusa kama mbwa. Sikuwa na pua mfu siku ile. Harufu ilijaa nyumba nzima, na baba akatoka chumbani akaja akakaa kwenye kigoda, karibu, akaangalia kila nilichofanya. Niliepua maji. Nikasali. Nikalowesha, nikangoja, nikamimina. Nilimpa katika kikombe cha bati, bila sukari, kama alivyokunywa Bwana.

Alikishika kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo. Akanywa tena. Nilimwona uso wake ukilegea, kitu ambacho mama aliniambia hakijatokea tangu siku ile ya uwanjani.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo hii." Akanywa. "Sasa naelewa kwa nini Bwana alitema yangu. Mtu aliyezoea hii, yangu angeimeza vipi?"

Nikalifunika birika.

"Huyu mwenye shamba hili anajua kazi," akasema. "Hii ni ya wapi, mwanangu?"

Nje, kupitia mlangoni, niliuona ule mteremko mtupu. Mibuni iliyopandwa nikiwa mgongoni. Nikimwambia kweli, nitakuwa nimempa jibu la swali lake lile moja, na kwa neno hilo hilo nitakuwa nimemwambia kwamba ameing'oa kwa mkono wake bure, kwa sababu ya ujuaji wangu na kinu kimoja kidogo. Nilitafuta njia ya kumpa la kwanza bila la pili. Haikuwapo. Na nilikuwa muoga, kama nilivyokuwa muoga Ngumbo.

"Ya Kilimanjaro, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Nilijua. Udongo wetu haukubali."

Mama alikuwa amechutama mbele ya mafiga, anasukuma shina la mbuni ndani ya moto. Aliangalia kile kifuko kitupu kilichokuwa miguuni pangu, kitambaa cha gauni lake, mshono wa mkono wake. Akakiokota, akakikunja mara mbili, akakificha kiunoni ndani ya khanga. Kisha akaniangalia, muda mrefu, na sikuweza kuyakwepa macho yake.

"Mwongezee baba yako," akasema.

Nikamwongezea.